Naomba ushauri: kitabu cha CLR cha 2005 bado kinafaa?

Wakuu, habari za leo. Nimeazimwa kitabu cha mwaka 2005 kinachofundisha kuiendesha CLR (injini inayoendesha programu za .NET, jukwaa la Microsoft) ndani ya programu yako mwenyewe ya C++ na kuirekebisha tabia. Nimefika nusu, na nimenasa.

Programu ninayoitunza kazini inapokea plagini (programu ndogo za nyongeza) za C# kutoka kwa wateja. Mwezi uliopita plagini moja ilijiita yenyewe bila kikomo, steki (kumbukumbu ya miito ya funksheni) ikajaa, prosesi nzima ikazima na kazi za wateja wengine zikapotea. Kitabu kinaeleza jinsi hifadhidata ya SQL Server 2005 ilivyojikinga na balaa hilo: programu mwenyeji inaiagiza CLR iondoe AppDomain (sehemu iliyotengwa ndani ya prosesi) yenye kosa tu, prosesi ibaki hai. Mwandishi anaeleza kwa nini, si namna tu, na hapo ndipo aliponikosha.

Shaka yangu ni umri wake. Funksheni ya kuiwasha CLR, CorBindToRuntimeEx, ilishapitwa na wakati tangu .NET Framework 4 ya 2010. Kwenye .NET Core, mrithi wa .NET Framework, huwezi kuunda AppDomain mpya. Kuna AssemblyLoadContext, inayotenganisha upakiaji wa kodi lakini haizuii prosesi kuanguka. Sisi bado tuko .NET Framework 4.8, ila tutahamia Core tu.

Mliowahi kuifanya kazi hii, nikimalize, au nianze moja kwa moja kuipa kila plagini prosesi yake? Bosi anataka jibu ndani ya wiki tatu. Natanguliza shukrani.