JavaScript: nianze na nini kabla ya kukimbilia React?

Mwanafunzi_Mkaidi
Habari zenu wakuu. HTML na CSS naziweza, ukurasa naupanga unakaa. Kwenye JavaScript kila ninayemuuliza ana lake: huyu anasema rukia React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), yule anasema usiguse kitu hadi umalize lugha nzima. Nimetengeneza fomu ya visanduku viwili, unaandika namba, unabonyeza kitufe, inajumlisha. Nikiweka 5 na 7 inanijibu 57, na kosa jekundu hakuna popote. Mambo ya msingi hasa ni yapi? Na hii 57 inatoka wapi?

Kasi_Tu
Mkuu, andika Number(a) + Number(b), yageuzwe kuwa namba, uendelee na safari. Nenda React, mengine utayakuta hukohuko.

Fundi_Konsoli
Hiyo dawa itakuondolea 57 ya leo tu. Kilichoandikwa kwenye kisanduku cha fomu, ukisoma value yake, unapewa maandishi, hata kama uliweka type="number". Sasa alama ya + ina kazi mbili: namba inazijumlisha, maandishi inayaunganisha, na upande mmoja ukiwa maandishi, kuunganisha ndiko kunashinda. Alama ya kutoa haina kazi ya pili, kwa hiyo "7" - "5" itakupa 2 bila shida, nawe utadhani umeelewa. Kosa jekundu utalitoa wapi wakati kivinjari kimefanya ulichokiambia?

Bonyeza F12, ingia konsoli (sehemu ya kivinjari ya kujaribia msimbo), andika typeof "5", halafu typeof 5, halafu typeof null; typeof hukutajia aina ya data, na null maana yake hakuna kitu. Hiyo ya mwisho itasema object. Ni kasoro ya tangu mwanzo, Brendan Eich alipoiunda lugha hii kwa siku kama 10 mwaka 1995 akiwa Netscape, na haijarekebishwa kwa kuwa kurasa nyingi zinaitegemea ilivyo.

Kwangu aina za data ndizo msingi wenyewe. Usizitoke mpaka uweze kubashiri jibu la mstari kabla hujabonyeza Enter. Kinachofuata ni fanksheni (kipande cha msimbo unachokiita kwa jina kifanye kazi), hasa kwamba unaweza kuikabidhi kwa fanksheni nyingine. Wengi hukwama kwenye addEventListener, inayosubiri kitufe kibonyezwe, hapohapo: wanaweka jina la fanksheni pamoja na mabano yake, inatekelezwa ukurasa unapofunguka, kitufe kinabaki kimenuna. Jina peke yake linatosha.

Orodha na objekti utazizoea ukizitumia. Fetch, ya kuleta data kutoka kwenye seva, ije baadaye. Kutangaza kigeu tumia const, na let pale thamani inapobadilika. Ukikuta var kila mahali, ujue somo hilo linafuata mtindo wa kabla ya 2015. Linganisha kwa ===, si ==. Mambo ya prototype yaache kwanza. React anza siku utakapoweza kuongeza na kufuta vitu kwenye orodha ya ukurasa bila maktaba yoyote.

Mwanafunzi_Mkaidi
Shukrani mkuu, sasa naipata 12. Ila nikiacha kisanduku kimoja kitupu bado inajumlisha, kama vile nimeandika 0. Ndivyo inavyotakiwa?

Fundi_Konsoli
Ndivyo ilivyo: Number("") ni 0. Kagua kwanza kama value === "" kabla ya kuibadilisha. Ukipitisha "saba" utapata NaN, yaani "si namba", nayo usiipime kwa ===, maana NaN hailingani hata na yenyewe. Tumia Number.isNaN.