Otsi (oats) za chumvi (kikundi cha Ukoo wa Ngamiani)

Mama Rayyan (Mbagala): Asalam alaykum wapendwa, nani yuko macho. Leo nimepika otsi za chumvi na kidali cha kuku na mchicha, nimeingia mlangoni saa 1 na robo usiku, kabla ya saa 2 washakula wote na Rayyan kaongeza. Nawaambia kwa sababu mnaijua tabu yangu ya jioni, natoka kazini saa 11 foleni inanila mpaka nafika maharage hata jikoni hayajapanda na yule mdogo anasinzia na njaa, wallahi inaniuma mtoto kulala na chai na mkate siku 3 kwa wiki na mama yake yupo

Mjomba (Korogwe): Waalaykum salaam. Otsi si uji huo mwanangu, unatia maziwa na sukari basi. Kuku na chumvi vinaingiaje humo?

Wifi Zai (Tanga): Mimi nilijaribu mwezi uliopita ikawa gundi. Mwiko ulisimama wenyewe kwenye sufuria. Watoto waligoma kabisa

Mama Rayyan: Wifi ulinunua zipi?

Wifi Zai: Zile zimeandikwa dakika 1

Mama Rayyan: Basi ndo hapo. Zile zimekatwakatwa ndogo na zimeshapikwa kiwandani, zikiona maji ya moto tu zinalegea zote, hizo muachie uji wa mtoto. Za chumvi chukua zile bapa kubwa, punje nzima iliyobanwa, ukiiweka kiganjani unaliona umbo lake. Halafu usianze na maji. Kaanga kitunguu maji, saumu na tangawizi, bizari nyembamba kidogo, kitunguu kikishapiga rangi mimina otsi KAVU humo uzigeuzegeuze dakika 2 au 3 mpaka zinukie kama karanga zinazokaangwa. Ndo utie supu sasa. Na ukishatia supu toa mkono, koroga mara moja moja tu zisishike chini, ukisonga kama uji ute wote unatoka ndo gundi yenyewe hiyo

Wifi Zai: Kumbe. Mimi nilizisonga kweli kweli

Mama Mdogo (Maskati): Jamani mnashangaa nini mbona hiyo ni shurba, supu nzito ya nafaka na nyama!! Huku Ramadhani nyumba gani itafuturu bila shurba ya otsi, wenyewe otsi wanaziita shofani. Adhana ikilia tende, maji, halafu bakuli la shurba la moto na ndimu. Nyama vipande vidogo vidogo, nyanya, pilipili manga, kotmiri juu. Mimi sijaona sukari kwenye otsi huku mpaka watoto walipoanza shule wakaja na mambo yao

Wifi Zai: Bibi katuma sauti ndefu, naiandika kwa wasio na bando. Anasema: shurba yetu sisi ilikuwa ya ngano, ngano unaitwanga unaipepeta unairoweka usiku kucha, nyama ya mifupa inachemka tangu adhuhuri kwenye kuni. Boko boko ya ngano na nyama ndo usiseme, unaipiga mpaka bega linauma. Sasa huyo mtoto anayerudi na giza atatwanga saa ngapi? Apike otsi zake, ila asisahau kipande cha mdalasini, na ndimu akamue akishaipua, akiikamua jikoni ikachemka inaingia uchungu

Mama Rayyan: Bibi Allah akuweke 🙏 ya ndimu sikuijua, nilikuwa natia jikoni

Baba Mkubwa (Muheza): Mimi na sukari yangu na presha naruhusiwa hiyo? Kliniki walinambia nipunguze ugali mweupe usiku.

Dada Mwana (Dodoma): Shikamoo ba mkubwa. Ngoja nikueleze kama navyowaeleza wagonjwa wangu. Otsi ni wanga vilevile, usile mabakuli 2 ukasema ni dawa. Uzuri wake ni huo huo ute wifi aliouita gundi 😊 unaitwa beta-glukani, ukifika tumboni unafanya sukari iingie kwenye damu polepole na unasaidia kushusha kolesteroli. Kinachotajwa ni gramu 3 za huo ute kwa siku, ambazo utazipata kwenye otsi kavu kama gramu 75 hivi, kikombe kasoro kidogo. Za bapa ni afadhali kuliko za dakika 1 maana zile zinapandisha sukari haraka. Ila kinachonitisha kwako ni chumvi ba mkubwa, ule mchemraba wa supu wa dukani sehemu kubwa ni chumvi tupu. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko 1 cha chai, na hapo umehesabu na ya kwenye mkate. Upikiwe kwa supu ya nyumbani. Na vidonge usiache hata siku 1

Baba Mkubwa: Marahaba mwanangu. Mchemraba nauacha.

Mjomba: Sawa nimeelewa ni shurba. Lakini bei? Pakiti ya otsi na kilo ya sembe havifanani.

Mama Rayyan: Kweli mjomba, ndo maana sipiki kila siku, napika zile siku 2 au 3 za foleni. Nimepima mwenyewe, pakiti ya gramu 500 inatoa vikombe 5 na kidogo, na kikombe 1 kikiwa shurba tunakula watu 5 maana kinavimba sana, kwa hiyo pakiti moja ni jioni 5. Na gesi nayo ihesabu, maharage masaa 2, hii dakika 15. Jumapili nachemsha mifupa au kuku mzima, nyama naichambua, supu nagawa kwenye makopo naweka friza, nikirudi kazini natoa kopo moja tu. Mboga naikatakata usiku wa jana yake

Mama Rayyan: Na sio lazima kuku!! Juzi kuku hakuwepo, nikakaanga dagaa pembeni mpaka wakakauka wakawa wanalia mdomoni, otsi nikapika nzito na tui la nazi, nyanya na hoho, kikombe 1 cha otsi kwa vikombe 2 vya maji na tui. Inatoka kama wali uliolowa kidogo. Dagaa unawamwaga juu mwishoni, ukiwachanganya mapema wanalainika na utamu umepotea. Baba Rayyan ambaye bila ugali hajala, alikula akanyamaza, halafu akauliza kesho tena?

Mama Mdogo: 😍 umenitamanisha dagaa

Mjomba: Na shurba yenyewe maji kiasi gani?

Mama Rayyan: Kikombe 1 otsi, supu vikombe 5. Ukitaka ya kunywa kabisa 6. Mchicha dakika 2 za mwisho usibadilike rangi

*(Kesho yake, saa 2 usiku)*

Wifi Zai: 📷 Haya ona. Nyama ya ng'ombe na karoti. Punje zinaonekana moja moja!! Bibi kamaliza bakuli, kasema mdalasini haukutosha

Mama Rayyan: Alhamdulillah, wifi umenifurahisha mno. Na watoto?

Wifi Zai: Wamekula. Mkubwa kaiita supu sikumbishia. Sasa iliyobaki imeganda imekuwa kama ugali, naimwaga?

Mama Rayyan: Usimwage!! Ukitaka shurba tena tia maji ya moto upashe itafunguka. Au asubuhi ichanganye na nyama ya kusaga, yai 1, kotmiri na pilipili mbichi, finyanga kababu ukaange, inashika kuliko mkate

Wifi Zai: Nyama ya kusaga ninayo robo. Naiweka friji sasa hivi