Percy Jackson: niendelee au niishie hapa?

Habari zenu wapenzi wa vitabu, naombeni ushauri. Nimemaliza vitabu vitano vya kwanza vya Percy Jackson, kijana ambaye mzazi wake mmoja ni mungu wa Kigiriki, vilivyoandikwa na Rick Riordan, vya 2005 hadi 2009, kisha vitano vya mfululizo wake unaofuata, Heroes of Olympus, na sasa hadithi naiona mapema mno. Unabii unatolewa, vijana wanafunga safari, siku ya mwisho imeshapangwa, miungu wazazi hawasaidii kitu. Utani wake bado unanivunja mbavu, ndiyo maana nashindwa kuacha. Nimejaribu kupumzika kidogo nikarudi, hali ni ileile.

Je, mfululizo wake mwingine, The Trials of Apollo, ambamo mungu mwenyewe anageuzwa kijana wa kawaida na kusimulia, inatoka kwenye mtindo huo? Kama haitoki, nihamie kwa mwandishi Nnedi Okorafor, nianze na kitabu chake Akata Witch?