Siku chache Grenada baada ya mafunzo ya kokoa Trinidad: nianzie wapi?

Mkulima wa Ikolo (Kyela)

Habari za jioni, wana jukwaa. Mwezi wa tatu mwakani nitakuwa Trinidad, kisiwa cha Karibea, kwa mafunzo mafupi ya kilimo cha kokoa, katika chuo kikuu kinachotunza shamba la hifadhi lenye aina za kokoa zaidi ya 2,000. Mafunzo yakiisha nitabakiwa na siku chache kabla ya safari ya kurudi nyumbani, na kwa kuwa ndege kutoka Trinidad hadi Grenada haimalizi hata saa moja, nimeamua kuzitumia huko.

Kila ninaposoma habari za kisiwa hicho nakutana na picha za ufukwe wa Grand Anse. Sina ugomvi na ufukwe, lakini Matema, ufukwe wetu wa Ziwa Nyasa, iko karibu na kwangu, na nisingependa kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ajili ya mchanga peke yake. Ningependa kuona jinsi wakulima wenzetu wa kule wanavyoishi, wanavyolima na wanavyokula. Je, nianzie wapi? Na je, inafaa kuvuka kwenda Carriacou, kisiwa kidogo kilicho upande wa kaskazini? Mfuko wangu ni wa mtumishi wa chama cha ushirika, kwa hiyo naomba mzingatie hilo.

Dada wa Forest Mpya (Mbeya)

Ndugu yangu wa Ikolo, niliishi Grenada nikiwa mwanafunzi, na kwa mtu anayetoka kwenye kokoa ushauri wangu ni mmoja: elekea kaskazini, wilaya ya St. Patrick, na ufukwe uuachie saa za jioni. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 34 tu, ingawa barabara za milimani zina kona nyingi kiasi kwamba safari ya kutoka mji mkuu, St. George's, hadi kaskazini huchukua zaidi ya saa moja.

Anzia Belmont Estate. Ni shamba la siku nyingi linalopokea wageni, na hapo utaifuata kokoa tangu mtini hadi mwisho. Mbegu huvundikwa kwenye masanduku ya mbao zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba, kisha huanikwa kwenye vichanja vipana vilivyofungwa magurudumu na kukaa juu ya reli, ili mawingu yakikusanyika visukumwe mara moja chini ya paa. Wafanyakazi hugeuza mbegu hizo kwa miguu, wakitembea taratibu na kuburuta nyayo katikati yake, mstari kwa mstari, mpaka kichanja chote kimepitiwa. Ninyi wa Kyela, ambao mvua huwakuta kokoa ikiwa bado juani, mna sababu ya kuzitazama reli hizo kwa makini kuliko mtalii mwingine yeyote. Mwezi wa tatu mavuno yao makubwa yanakuwa bado yanaendelea na ni majira ya ukavu, hivyo utawakuta kazini kweli.

Usiondoke bila kuulizia habari za chokoleti. Mwaka 1999 ilianzishwa Grenada Chocolate Company, katika kijiji cha Hermitage, ili kokoa ya kisiwani itengenezwe chokoleti kisiwani humo humo, na baada yake wengine wamefuata njia hiyo. Hili linanigusa sana, kwa sababu wakulima wengi ninaowafahamu huku kwetu hupeleka magunia mnadani mwaka hadi mwaka bila kuonja kipande cha chokoleti iliyotokana na jasho lao. Uliza mashine zilipatikanaje, mkulima analipwaje, umeme unagharimu kiasi gani. Majibu hayo yatakifaa chama chenu cha ushirika kuliko picha yoyote.

Karibu na hapo kuna River Antoine, kiwanda cha pombe ya miwa kilichoanza mwaka 1785, ambacho hadi leo hukamua miwa kwa gurudumu kubwa linalozungushwa na maji ya mto. Hata asiyekunywa pombe atafurahia kuona mtambo huo.

Siku nyingine panda basi namba 5 uende Gouyave, mji wa wavuvi ulio pwani ya magharibi, ukatembelee kituo cha kungumanga. Zao hili limo hata kwenye bendera ya taifa. Kituo ni cha ushirika wa wakulima ulioundwa mwaka 1947, na ndani yake utaona watu wakichambua kungumanga kwa mikono na kutenga basibasi, ile nyavu nyekundu inayozunguka kokwa. Waombe wakusimulie kimbunga Ivan cha Septemba 2004, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikungumanga ya nchi nzima. Mti huo huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo familia nyingi zililazimika kutafuta riziki kwingine, na baadhi ziligeukia kokoa, ambayo hurudi mapema zaidi. Ikiwa ni Ijumaa, baki hapo hadi jioni, kwa maana wavuvi na mama lishe hupanga meza mtaani na kuuza samaki wa kila namna.

Kuhusu usafiri, mabasi yao ni kama daladala zetu, yana namba, na abiria hugonga ubavu wa gari akitaka kushuka. Siku ya Jumapili ni machache mno, usiyategemee. Namba 6, iendayo Grenville, hupita Grand Etang, ziwa lililo ndani ya kreta ya volkano kwenye mita 530 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyekwisha kupanda mlima Ngozi wa huku kwetu, wenye ziwa la kreta, halitakuwa jambo jipya, ila msitu wake una nyani wadogo aina ya mona, ambao asili yao ni Afrika Magharibi na waliletwa wakati wa biashara ya watumwa.

Mwalimu wa Kalenga (Iringa)

Naunga mkono yote aliyosema dada, ila naomba niongeze historia, maana mkulima naye ana haki ya kujua ardhi anayoikanyaga imepitia nini.

Uwanja wa ndege utakapotua una jina la Maurice Bishop, aliyeongoza mapinduzi ya Machi 13, 1979, na ambaye serikali yake ndiyo iliyoanza kuujenga kwa msaada wa Kuba. Ukifika St. George's, panda hadi Fort George, ngome iliyojengwa na Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 18 juu ya bandari. Ndani ya ngome hiyo, Oktoba 19, 1983, Bishop na wenzake walipigwa risasi na askari wa nchi yao wenyewe baada ya chama chao kugawanyika, na siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakavamia kisiwa. Mwili wake haujapatikana hadi leo. Wazee wa pale wanalikumbuka jambo hili kwa uchungu na hawakubaliani juu yake, kwa hiyo uliza kwa upole na usikilize zaidi kuliko kusema.

Ukiwa kaskazini, usipite Sauteurs bila kusimama. Nyuma ya kanisa Katoliki, kando ya makaburi, kuna genge ambalo mwaka 1651 wenyeji wa asili wa kisiwa, waliokuwa wakifukuzwa na Wafaransa, walijirusha baharini ili wasikamatwe. Mtu wa Iringa hawezi kusimama pale asimkumbuke Mkwawa, chifu wa Wahehe, ambaye mwaka 1898 alijitoa uhai kuliko kuangukia mikononi mwa Wajerumani. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu habari hizi mbili pamoja.

Mkulima wa Ikolo (Kyela)

Ndaga fijo, dada, na shikamoo, mwalimu. Mmenifungua macho. Limebaki suala la Carriacou, na la chakula.

Mzee wa Tukuyu Mjini

Mwanangu, Carriacou ni kuzuri, lakini usiende kwa safari ya asubuhi na kurudi jioni. Boti kutoka St. George's huchukua saa moja na nusu hadi mbili, na njiani hupita jirani na Kick 'em Jenny, volkano iliyo chini ya bahari, ambayo vyombo vyote huikwepa kwa umbali uliowekwa. Kama huwezi kulala huko usiku mmoja au miwili, kiache.

Ukiweza kulala, fahamu kwanza kwamba Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kilibomoa sehemu kubwa sana ya nyumba za kisiwa hicho. Watu wamekuwa wakijenga upya, kwa hiyo panga malazi mapema na ununue mahitaji yako kwenye maduka yao. Nenda Windward uone mafundi wanaounda mashua za mbao ufukweni. Ufundi huo UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2023. Halafu ulizia mchezo wao wa ngoma uitwao Big Drum, wenye ngoma tatu za ngozi ya mbuzi, ambamo nyimbo za kale hutajwa kwa jina la taifa la Kiafrika lililozileta: Wakromanti, Waigbo, Watemne, Wakongo. Huchezwa katika kuwakumbuka marehemu na wakati wa kushusha mashua mpya majini. Baada ya karne zote hizo bado wanajua ni wimbo upi wa taifa lipi.

Chakula cha taifa huitwa oil down: shelisheli, majani ya magimbi na nyama au samaki wa chumvi, vyote katika tui la nazi lenye manjano, na sufuria haiepuliwi mpaka tui limekauka. Hupikwa nje na majirani kwa pamoja, hasa mwisho wa juma. Ukipata mwaliko wa kula nyumbani kwa mtu, uukubali, na upeleke mkononi pakiti ya kokoa ya Kyela.