Kuchora ni nini hasa? Binti karudishwa shindanoni kisa hina

Mkazi wa Dunda
Wana Bagamoyo, salaam. Jumapili kulikuwa na shindano la uchoraji la vijana hapa mjini. Waandaaji siwataji, tunazikana. Binti wa jirani yangu alipeleka manila nzima kaijaza maua na korosho kwa koni ya hina, penseli hajaigusa. Majaji wakamrudishia: hii hina, siyo mchoro. Kijana aliyemfuata kaleta jahazi la rangi ya mafuta, likapita! Sasa nauliza, kuchora ni nini hasa? Kama kinachotakiwa ni penseli, jahazi limepitaje?

Mjuzi Asiyelipwa
Kwenye jahazi majaji wamekosea, kwenye hina wako sahihi. Mchoro ni mstari: penseli, mkaa, chaki, kalamu ya wino. Ukishashika brashi ukajaza rangi, hapo unapaka. Wazungu wana maneno mawili mbalimbali, sisi tumelundika yote kwenye "kuchora", ndiyo maana tunagombana. Na hina, kwa heshima zote, ni mambo ya saluni na maandalizi ya harusi. Tusichanganye.

Bintimwambao
"Mambo ya saluni." Haya kaka, karibu saluni. Mwaka wa kumi na moja huu nachora hina. Mwenzangu wa penseli ana kifutio mfukoni. Mimi nimekaa na bibi harusi saa tano usiku, kiganja kinatoka jasho, shangazi mtu ananipumulia begani, tundu la koni jembamba kama uzi. Ukiminya zaidi kidogo tu, jani limekuwa dimbwi. Kufuta hufuti, ukipangusa doa limeshaingia. Basi lile dimbwi unaligeuza ua, unasonga mbele, na shangazi asijue. Halafu uje uniambie sichori?

Mjuzi Asiyelipwa
Dada sijasema huna ujuzi. Hata anayesuka nywele ana ujuzi.

Bintimwambao
Na nywele nazo zimekukosea nini?

Mtoto wa Ngamiani
Hahahaa, Mjuzi amejichora mwenyewe. Huo nao uhesabiwe kwenye shindano. Sisi Tanga huku tunawasoma tu na chai mkononi.

Mama Nianjema
Mjuzi umeoa? Maana aliyeoa hasemi hivyo akalala ndani.

Mjuzi Asiyelipwa
Ndoa yangu inahusianaje na penseli? Jibuni hoja. Hina inafuata ruwaza zilezile, unakariri. Mchoro unatoka kwenye jicho, unaangalia kitu unakitoa.

Fundi Patasi
Mimi nachonga milango, nisikilizeni kidogo. Ubao wa mninga unaupiga randa mpaka ung'ae, kisha unachora kwa penseli na bikari: mnyororo ukingoni, maua katikati. Hapo ndugu Mjuzi utasema mchoro ndio huo. Sawa. Sasa naweka patasi. Penye mstari ndipo ninapokata, na mlango ukiisha ule mstari haupo tena, umeanguka sakafuni na vibanzi, mke wangu anakokea moto. Kwa hiyo mlango hauna mchoro? Watu wanasimama Barabara ya India wanapiga picha milango, sijaona anayeulizia penseli iko wapi. Tena mzee aliyenifundisha hakuwa akisema "chonga mlango". Alisema "chora mlango", na mkononi kashika patasi. Tafuta kamusi za zamani, utakuta kuchora ni kutia nakshi kwa kukata. Hiyo penseli yako ndiyo mgeni hapa.

Mjuzi Asiyelipwa
Shikamoo mzee. Lakini lugha inakua. Tukishika maana ya zamani, aliyechanja watu chale naye tumwite mchoraji?

Fundi Patasi
Marahaba. Na mwenye tatoo, vijana wenyewe mnasema amechanja tatoo au amechora tatoo?

Mwalimu Mstaafu
Nami niseme. Kule Kondoa, Kolo, wale watu warefu wembamba wa rangi nyekundu kwenye miamba, wameingizwa Urithi wa Dunia 2004 kama sikosei. Ni rangi ile, tena ya udongo. Nimefundisha miaka mingi, sijasikia mtu akisema "mipako ya Kondoa". Ni michoro ya Kondoa.

Mtoto wa Ngamiani
2006 mwalimu.

Mwalimu Mstaafu
Ahsante mwanangu. Hoja inabaki palepale.

Mjuzi Asiyelipwa
Hayo ni mazoea tu. Chukueni Tingatinga. Marehemu Edward Tingatinga alianza Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972, na kazi yake yote ni rangi ya kopo juu ya ubao. Dunia nzima inajua ule ni upakaji wa rangi.

Mkazi wa Dunda
Na wanaoifanya kazi hiyo leo tunawaitaje mkuu?

Mjuzi Asiyelipwa
Wachoraji wa Tingatinga, lakini

Mkazi wa Dunda
Ahaa.

Mjuzi Asiyelipwa
Niko kazini, narudi baadaye.

Mama Nianjema
Mnaitetea hina, na piko mnaisemaje? Mwaka jana harusi ya mdogo wangu nilichorwa piko, mahali sipataji. Siku ya tatu malengelenge yakaota, tena yamefuata ua kwa ua, jani kwa jani, yaani mchoro umerudiwa kwa moto. Piko imeshatoka kitambo, ua bado liko kwenye mkono wangu.

Bintimwambao
Pole dada. Ndiyo maana piko siigusi. Watu wanakoroga rangi nyeusi ya nywele, ile dawa yake ya PPD ndiyo inaunguza. Hina ya majani haiwi nyeusi tii, inatoka ya chungwa, baadaye inaiva hudhurungi. Mtu akikuahidi nyeusi kwa nusu saa, kimbia.

Mtoto wa Ngamiani
Mbona mama yangu kachora piko miaka thelathini kwa chelewa na hajaungua?

Bintimwambao
Na wapo wanaovuka barabara bila kuangalia, wanafika. Ngozi hazifanani. Na ukiungua mara moja, mara ya pili inakuja na hasira zaidi.

Mama Nianjema
Na mteja mwenyewe anataka nyeusi. Nilitaka nyeusi mimi, nisiseme uongo.

Mwalimu Mstaafu
Hina halisi inapatikana wapi siku hizi? Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi.

Mkazi wa Dunda
Jamani, swali langu.

Mtoto wa Ngamiani
Swali lako limeungua na piko.

Mkazi wa Dunda
Basi. Binti mwenyewe nimemsomea mjadala mwanzo mpaka hapa. Shindano kashalisahau. Anauliza kama Bintimwambao atahitaji msaidizi Jumamosi kwa Mwalimu.

Bintimwambao
Kwani Mwalimu kaniita? Akiniita, aje. Koni aje nazo, mimi simnunulii mtu.

Mjuzi Asiyelipwa
Nimerudi. Kwanza kabisa, kuhusu kusuka nywele, sikumaanisha hivyo.