Tupeane uzoefu: Umefunga RAM ya GB 8, kompyuta inasoma 4

#1
Wakuu, uzi huu ni wa mashine za nyumbani zinazogoma kuonyesha RAM yote. Tuweke dalili, chanzo na dawa.

Naanza na kipimo. Kabla hujafungua boksi, jua namba inapotelea wapi. Ingia BIOS, yaani menyu ya bodi inayofunguka kabla ya Windows (bonyeza Delete au F2 wakati wa kuwasha, HP nyingi ni F10) usome jumla. BIOS ikisema 8 halafu Windows ikasema 4, bisibisi iache mezani: shida ni mipangilio au Windows yenyewe. BIOS nayo ikisema 4, basi ni stiki (kipande cha RAM), sloti, mazabodi au prosesa.

#2
Upande wa Windows, mtuhumiwa wa kwanza ni Windows ya bit 32. Anwani zake zinaishia GB 4, na vifaa vingine navyo vinakula humo humo, ndiyo maana unabaki na 3.2 hadi 3.5. Hakuna njia ya kuipandisha juu kwa juu, ni kuhifadhi mafaili pembeni na kupiga bit 64 upya. Wa Windows 7 waangalie na toleo: Starter mwisho GB 2, Home Basic ya bit 64 mwisho 8, Home Premium 16.

Wa pili: kwenye Start andika msconfig, nenda Boot, kisha Advanced options. Kisanduku cha Maximum memory kikiwa na tiki, itoe, uwashe upya. Watu huitia wakidhani wanaongeza kasi, kumbe wanaweka kikomo.

#3
Ukiona "8.00 GB (5.9 GB usable)" usikimbilie kununua stiki. Prosesa zenye kadi ya picha ndani yake, hasa AMD, hukata sehemu ya RAM kwa ajili ya picha. Task Manager, Performance, Memory, soma Hardware reserved. Ikiwa karibu GB 2, tafuta UMA Frame Buffer Size (kiasi cha RAM kinachotengewa picha) kwenye BIOS uishushe hadi 512MB. Laptopu nyingi zimeficha kipengele hicho, hapo hakuna la kufanya.

#4
Mmesahau linalosumbua zaidi kwenye mashine za mitumba: chipu za stiki yenyewe.

Bodi zenye chipseti ya zamani ya Intel G41, za RAM aina ya DDR3, zinajua chipu hadi Gb 2 tu (Gb ni gigabiti, Gb 8 ndiyo GB 1). Kwa hiyo stiki ya GB 4 itakayokubali lazima iwe na chipu 16, nane kila upande. Stiki mpya za GB 4 zina chipu 8 za Gb 4 kila moja. Ukiichomeka humo itasomeka nusu, au mashine haitawaka kabisa, na stiki haina ubovu wowote. Soma lebo: 2Rx8 (chipu 16) ndiyo unayotaka, 1Rx8 (chipu 8) iache dukani. Prosesa za Intel Core i za kizazi cha kwanza zina ugonjwa huo huo, na stiki ya GB 8 hazitaki. Kuanzia kizazi cha pili na bodi ya H61, stiki mbili za GB 8 zinapita, jumla 16, na kwa H61 hapo ndipo mwisho.

Halafu kuna zile za bei chee za "AMD tu". Kwenye bodi ya Intel hiyo ni hela imezama. Na RAM za seva zenye herufi R (mfano PC3-10600R) hazifanyi kazi kwenye mashine ya kawaida ya mezani.

#5
Mkuu #4 umemaliza. Naongeza la laptopu: za Core i ya kizazi cha nne na cha tano, nyingi zinataka DDR3L ya volti 1.35. Ya volti 1.5 inaingia vizuri, ila haisomeki.

#6
Kwa mikono: chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Toa stiki, sugua meno ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi la raba, puliza sloti kwa blowa. Rudisha hadi vishikio vifunge vyenyewe kwa mlio. Kisha jaribu stiki moja moja, sloti moja moja, uandike matokeo. Bodi ya sloti nne yenye stiki mbili, anza na A2 na B2 (majina ya sloti yameandikwa kwenye bodi).

#7
Na kama sloti mbili za chaneli moja (njia moja kati ya prosesa na RAM) zimekufa kwa pamoja, huku stiki zote nzima? Bodi imekwisha?

#8
Si lazima. Legeza kidogo skrubu za feni ya prosesa, zikikazwa upande mmoja hukandamiza vibaya. Bado? Toa prosesa, mulika soketi kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Kwa Intel, pini ziko kwenye bodi, na moja ikiinama inaweza kuua chaneli nzima. Inyooshwe kwa sindano nyembamba, taratibu sana, ikikatika ndiyo basi.

Vyote vikisomeka, weka MemTest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, uwashie mashine humo, iache imalize angalau mzunguko mmoja. Kosa hata moja, stiki irudi dukani.