Bosi ananihubiria kila siku na nimeshamwambia hapana, nifanyeje?

Mwanzisha mada:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Msimamizi wangu kazini ni mtu wa dini sana, hilo sina shida nalo kabisa, shida ni kwamba hapumziki. Tukikaa wawili tu ananiuliza naokoka lini, usiku ananitumia klipu za mahubiri, na mama yangu alipolazwa akaja wodini bila kualikwa akaanza kumwombea kwa sauti huku anamwambia akiifuata dini yake ndo atapona. Mama hakuwa hata na nguvu ya kukataa. Nimeshamwambia kistaarabu kwamba nimeridhika na imani yangu, anasema nina moyo mgumu. Na ndo yeye anayesaini likizo zangu. Namwambiaje aelewe bila kuonekana nachukia dini ya watu?

Mchangiaji 1:
Pole sana, mpe pole na mama. Mi ni mkristo na nahubiri, tena nyumba kwa nyumba, ila huyo kavuka mpaka. Petro anatuambia tuwe tayari kumjibu kila mtu "awaulizaye", halafu anamalizia "kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15), sasa wewe ulimuuliza? Hilo la wodini ndo limeniuma zaidi, maana mgonjwa anataka kupona na atakubali chochote, hapo hujamgeuza moyo umembana tu. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikani na umoja wa makanisa ya kiinjili duniani walitoa waraka wa pamoja juu ya kushuhudia kati ya watu wa dini nyingine, na humo wanasema wazi kwamba unyonge wa watu na uhitaji wao wa kuponywa usitumiwe vibaya. Kwa hiyo asikwambie unapinga injili.

Mchangiaji 2:
Na kwetu waislamu wapo pia tusijifiche. Qurani imesema hakuna kulazimishana katika dini (2:256) na ikatufundisha kulingania kwa hekima na mawaidha mazuri (16:125), lakini unamkuta mtu anaanza kwa kukashifu kitabu cha mwenzie halafu anashangaa kwa nini hasikilizwi.

Mchangiaji 3:
Naelewa hasira zenu ila tuwe makini tusije tukaishia kusema watu wasihubiri. Kifungu cha 18 cha Azimio la Haki za Binadamu la 1948 kinampa kila mtu haki ya kubadili dini na ya kuidhihirisha, mafundisho yakiwemo. Ugiriki walikuwa na sheria ya kuadhibu ushawishi wa dini, Shahidi wa Yehova mmoja, Kokkinakis, akakamatwa zaidi ya mara 60, mpaka 1993 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema haki yake imevunjwa. Lakini 1998 ikaja kesi ya maofisa wa jeshi la anga hukohuko Ugiriki waliokuwa wanawahubiria raia na pia askari walio chini yao. Kwa raia mahakama ikawatetea maofisa, kwa askari ikakataa, kwa sababu askari hawezi kumwambia mkubwa wake niache akaondoka zake kama raia. Ndo hali yako hiyo mkuu, likizo zako ziko mkononi mwake.

Mwanzisha mada:
Asanteni sana, hilo la cheo ndo nilikuwa nalihisi moyoni sijui nilisemeje. Kwa hiyo nimfuate yeye au niende juu kabisa?

Mchangiaji 3:
Anza na yeye, ila kwa maandishi. Mwandikie kifupi: naheshimu imani yako, naomba kazini tuongee kazi tu, na mama yangu usimtembelee tena bila kibali chetu. Usijibu hoja za dini hata moja kwenye huo ujumbe maana ukijibu tu umefungua mjadala. Akiendelea peleka hizo meseji kwa watu wa rasilimali watu.

Mchangiaji 1:
Na manesi waambieni leo hii nani anaruhusiwa kuingia kwa mama, hilo lisisubiri bosi aelewe.